Mluzi kwenye injini ya BMW X3: ninunue au niache?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimekuwa na Harrier, ile tunayoiita tako la nyani, kwa miaka sita na sasa nataka kubadilisha. Nimeonyeshwa BMW X3 xDrive20i ya petroli, namba D za mwisho mwisho. Muuzaji anasema ni ya 2015, na karatasi za Japan kweli zinaonyesha ilisajiliwa mara ya kwanza Machi 2015. Iliingia nchini na kilomita 61,000, sasa ina 96,000. Ndani ni safi kabisa na bei iko chini ya Harrier ya umri huohuo. Anasema haina gharama kwa sababu sevisi ni kila kilomita 25,000, na oili ya giaboksi haibadilishwi maisha. Ameweka tairi mbili mpya mbele. Nilikwenda asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, nikasikia mluzi mwembamba upande wa mbele wa injini. Akaniambia ni turbo, zote ziko hivyo. Kaka yangu anasema BMW ni kidonda, ukiinunua hulali. Fundi wetu wa mtaani anasema ninunue tu, ikisumbua tutaweka injini ya Toyota. Natoka Mbezi Beach kwenda Posta kila siku, na kila Desemba tunakwenda Moshi na watoto. Nifanyeje?*

Dada yangu, gari hili unaweza kulinunua ukalifurahia miaka mingi, na unaweza kulinunua ukajikuta umesimama nalo pale Same saa nane usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma. Kinachotenganisha hayo mawili kimo ndani ya ule mluzi uliousikia. Nashukuru ulikwenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Wanunuzi wengi hufika mchana, gari limeshawashwa na kupashwa moto, wakaondoka na sauti ya redio tu masikioni. Basi jibu langu la kwanza ni fupi: usitoe hata advansi mpaka ijulikane mluzi huo unatoka wapi.

Muuzaji anasema ni turbo. Inawezekana, na ipo namna ya kumhakiki bila kumvunjia heshima. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda, kwa hiyo hupiga mluzi injini inapobeba mzigo: unapanda mlima, unalipita lori, umekanyaga mafuta barabarani. Gari likiwa limesimama na giaboksi iko P, turbo haina kazi kubwa. Mwombe mtu akanyage mafuta taratibu mpaka mshale wa mizunguko ya injini ufike 2,000, kisha aachie taratibu, wewe ukiwa umesimama mbele ya boneti iliyo wazi. Mluzi ukipanda na kushuka sambamba na mshale, kama kivuli kinavyomfuata mtu, basi anayelia si turbo. Uwezekano mkubwa ni cheni.

Hapa naomba nikueleze polepole, maana ukilielewa jambo hili moja, muuzaji yeyote wa X3 ya miaka ile hatakuyumbisha tena.

Injini ya gari hilo BMW wenyewe huiita N20. Ni ya lita mbili, silinda nne, turbo moja, na kwenye xDrive20i hutoa nguvu farasi 184. Mbele ya injini kuna cheni inayounganisha krenki, ule mhimili mkubwa wa chini unaozungushwa na pistoni, na kemushafti mbili za juu zinazofungua na kufunga vali. Chini yake ipo cheni nyingine fupi zaidi, inayozungusha pampu ya oili pamoja na mihimili midogo ya kupunguza mtikisiko. Ili cheni isipepee ovyo, hupita katikati ya reli za plastiki, na kifaa kinachoitwa tenshena husukuma reli moja ili cheni ibaki imekaza muda wote.

Udhaifu uko kwenye zile reli. Plastiki iliyotumika miaka ya mwanzo ya N20 hukauka kwa joto na oili iliyochoka. Inageuka kuwa kama kifuniko cha ndoo kilichoachwa juani miaka mitatu: ukikigusa kinavunjika. Vipande vinadondokea kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na huko ndiko pampu inakovuta oili kupitia kichujio cha wavu. Plastiki ikijaa kwenye wavu, pampu inavuta kwa shida, presha ya oili inashuka, na vitu viwili vinaumia kabla hujajua kuna tatizo: beringi za krenki na turbo. Huku juu nako, cheni iliyopoteza reli inalegea, na ikiruka meno, vali zitabaki wazi wakati pistoni inapanda. Zikigongana hakuna tena mazungumzo ya matengenezo madogo. Watu hapa mjini husema injini imenoki. Wengi wa waliosema hivyo kuhusu N20 hawakuwahi kuambiwa kwamba ilianza na kipande cha plastiki kisichozidi ukucha.

Ule mluzi ni sauti ya cheni iliyoanza kusaga vibaya, mara nyingi ile ya chini inayozungusha pampu ya oili. Si lazima iwe hivyo kwenye gari uliloliona. Beringi ya altaneta au roli ya mkanda wa nje nazo hupiga mluzi, na hizo ni gharama ndogo. Fundi mwenye kifaa cha kusikilizia, hata bisibisi ndefu aliyoiegesha sikioni, anaweza kutofautisha kwa dakika chache. Ila usikubali kuambiwa kwamba zote ziko hivyo. N20 nzima inanguruma kidogo kwa sababu ya sindano za mafuta zinazopiga tik-tik-tik, na hiyo ndiyo sauti yake halali. Mluzi si sauti yake.

Sasa tuje kwenye mwaka, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza kwa nia njema. BMW walizibadilisha reli hizo wakaweka za plastiki imara zaidi, na magari yaliyotoka kiwandani kuanzia mapema 2015 ndiyo yaliyofaidika. Kule Marekani kampuni iliongeza hata waranti ya cheni hizo kwa magari ya kabla ya hapo, hadi miaka 7 au maili 70,000. Ukisikia hivyo, halafu ukaona Machi 2015 kwenye karatasi, moyo unatulia. Usitulie. Machi 2015 ni mwezi ambao gari lilisajiliwa Japan. Halikutengenezwa Japan wala Ujerumani. X3 za kizazi hicho zilizokwenda Japan zilitoka Spartanburg, jimbo la South Carolina, zikapakiwa melini, zikavuka bahari, zikakaa kwa wakala mpaka mteja alipopatikana. Tena Machi ndio mwezi wa kufunga hesabu za mwaka kule Japan, na mawakala huhimiza sana kuuza magari waliyonayo stoo. Gari lililosajiliwa Machi 2015 kuna uwezekano mkubwa lilitengenezwa 2014, likiwa na reli za zamani.

Ukweli unaupata kwenye chasisi namba. Tofauti na Toyota za soko la ndani la Japan ambazo zina namba fupi ya fremu, BMW hata ikiuzwa Japan hubeba namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Iko chini ya kioo cha mbele upande mmoja wa dashibodi, na iko kwenye kadi ya gari. Herufi na tarakimu saba za mwisho ukiziingiza kwenye programu za kusoma chasisi za BMW, nyingi ni za bure mtandaoni, utaona mwezi na mwaka wa kutengenezwa, rangi, na vifaa vyote lilivyotoka navyo. Fanya hilo kabla ya jambo lingine lolote. Ni dakika mbili na halina gharama.

Uliniambia kuhusu sevisi ya kila kilomita 25,000. Muuzaji hakutunga. Kompyuta ya gari hukupangia hivyo yenyewe, kilomita 25,000 au miaka miwili, kutegemea unavyoendesha. Lakini mpango huo uliandikwa ukimfikiria mtu anayesafiri kwenye barabara iliyo wazi. Wewe unatoka Mbezi Beach kwenda Posta. Chukua mwendo wako wa wastani kuwa kilomita 20 kwa saa, na kuna siku za mvua utanishukuru kwa kukadiria juu. Kilomita 25,000 kwa mwendo huo ni saa 1,250 za injini kuwaka. Mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa hufikisha umbali huohuo kwa saa zipatazo 310. Oili haijui kilomita. Inajua joto na muda, na ya kwako itakuwa imepikwa mara nne ya ile ya mwenzako huku mita zenu zinasoma sawa. Oili iliyopikwa hivyo ndiyo inayoua zile reli za plastiki, na ndiyo inayoacha tope jeusi kwenye njia nyembamba za turbo.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa N20 hapa Dar es Salaam ni kilomita 7,000, na zisizidi 8,000, au miezi sita kama gari halitembei sana. Oili iwe ya sinthetiki kamili yenye kibali cha BMW kiitwacho Longlife-01, kilichoandikwa nyuma ya kopo. Injini inachukua lita tano. Kumbuka pia kwamba haina kijiti cha kupimia oili. Unapima kwenye skrini ya gari, injini ikiwa moto na gari liko sehemu tambarare. Nimeshapokea gari lililozidishiwa oili karibu lita mbili kwa sababu fundi alitafuta kijiti, akakikosa, akajaza kwa macho.

Nina mteja ambaye X3 yake ni ya 2012, injini hiihii. Ana daftari dogo kwenye droo ya dashibodi na anaandika kila kitu kwa mkono: tarehe, kilomita, aina ya oili. Alibadilisha cheni na reli zote mapema, bila kusubiri kelele, na sasa amevuka kilomita 180,000. Nilipofungua kifuniko cha vali kubadilisha gasketi, ndani palikuwa na rangi ya asali. Mteja mwingine alinunua gari zuri kuliko la huyo, la mwaka wa mbele, lenye viti vyeupe visivyo na doa. Alisikia mluzi kama wako, akaambiwa kama ulivyoambiwa, akasafiri. Taa nyekundu ya oili ikawaka njiani na akajipa moyo kwamba gereji iko karibu. Kilomita zile chache zilimgharimu injini. Nilimwonea huruma sana, kwa kuwa hakuwa mzembe. Alikosa tu mtu wa kumwambia mapema.

Hilo la oili ya giaboksi isiyobadilishwa maisha nalo limetoka kiwandani, na nalo lina kasoro. Giaboksi ya X3 hiyo ni ya gia nane, imetengenezwa na ZF, na ni moja ya giaboksi bora nilizowahi kufungua. Waliotengeneza wenyewe, hao ZF, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari lako liko 96,000. Kazi hiyo inahitaji oili maalumu na sampu mpya, kwa sababu sampu yake ni ya plastiki na chujio limejengwa ndani yake, halitoki. Joto la oili nalo lazima lisomwe kwa mashine wakati wa kujaza. Usiruhusu mtu akaifanyie kazi hiyo chini ya mwembe na oili ya kopo alilobakiza kwenye gari lingine.

Zile tairi mbili mpya mbele muuzaji anazitaja kama zawadi. Mimi zilinishtua karibu kama mluzi. X3 hii huendesha magurudumu yote manne, na nguvu inagawanywa kwenda mbele na kifaa chenye sahani za klachi kinachokaa nyuma ya giaboksi, mafundi wanakiita transfa. Kifaa hicho kinatarajia magurudumu ya mbele na nyuma yazunguke sawa. Tairi mpya ina meno ya milimita nane hivi. Kama za nyuma zimebaki na milimita tatu, tofauti ya milimita tano kwenye tairi ya saizi hiyo inafanya gurudumu la nyuma lizidi la mbele kwa mizunguko kama sita katika kila kilomita. Kwenda Moshi tu, kilomita zipatazo 550, hiyo ni zaidi ya mizunguko 3,000 ambayo klachi za transfa zinalazimika kuimeza kwa kuteleza na kupata joto. Baada ya miezi unaanza kuhisi gari linastuka-stuka unapokata kona polepole, au linatetemeka kidogo unapotoka kwenye taa. Ukiliendesha, tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho, liache litembee lenyewe taratibu kwa duara, kushoto kisha kulia. Likivuta na kuachia kama mtu anayechechemea, transfa imeshaanza kuumia. Kama ni shwari, una bahati. Hesabu basi tairi nne za aina moja kwenye bajeti yako, na ubadilishe oili ya transfa siku hiyohiyo.

Nikiwa bado kwenye tairi: X3 nyingi zilitoka na tairi za ranfleti, zinazoweza kutembea bila upepo kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na kwa sababu hiyo gari halina tairi ya akiba. Hapa mjini hilo halisumbui. Ila kati ya Mkomazi na Same, usiku wa Desemba, usitegemee kukuta saizi yako. Watu wangu wanaosafiri nazo hununua ringi moja ya kiasi hichohicho na kuifunga tairi kamili kwenye buti. Mizigo inabanana, lakini mnafika.

Upande wa kupoozea injini nitapita haraka. Wota pampu yake ni ya umeme, haina mkanda, na ikichoka hufa ghafla, mara nyingi kwenye foleni. Muulize muuzaji kama imewahi kubadilishwa, na uangalie kwenye chupa ya kulanti. Ukikuta maji meupe ya bomba, basi kuna mtu aliyekuwa akiongeza kila wiki bila kutafuta yanakokwenda. Angalia pia unyevu wa oili kwenye kiti cha chujio la oili, maana gasketi yake hukakamaa, na oili ikidondokea mkanda mkanda unaharibika. Hayo ni matengenezo ya kawaida kwa gari la umri huu. Yakikutwa si sababu ya kulikimbia, ni sababu ya kushusha bei.

Kaka yako anasema BMW ni kidonda. Nisimpinge sana, maana nadhani ameona mtu akiumia. Lakini kidonda hicho kina chanzo kinachoeleweka. Gari hili lilipokuwa jipya lilikuwa la bei ya juu, na sasa bei yake imeshuka chini ya Harrier. Spea zake hazikushuka. Wota pampu ya X3 haijui kwamba gari limeuzwa kwa bei ya mtumba. Anayelinunua kwa shilingi yake ya mwisho lazima aumwe, kwa kuwa tatizo la kwanza litamkuta hana kitu, atatafuta spea ya kuokoteza Shauri Moyo, nayo itakufa baada ya mwezi. Huwa nawaambia wanaonijia: kama una milioni arobaini, tafuta gari la Kijerumani la milioni thelathini, na hizo kumi zisiguswe hata kwa ada ya shule. Kama kwako hesabu hiyo haiwezekani mwaka huu, kaka yako yuko sahihi kwa upande wako. Harrier yako bado ni gari la heshima.

Kwa fundi wenu wa mtaani nitakuwa mkali kidogo, ingawa najua anakupenda. Kuweka injini ya Toyota ndani ya X3 ni maneno rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye benchi. Kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki na ya dashibodi kwenye gari hili zinazungumza muda wote, na kila moja inatarajia kukuta wenzake iliozaliwa nao. Ukiitoa injini, unabaki na giaboksi isiyojua ibadilishe gia lini na dashibodi iliyojaa taa. Namba ya injini nayo iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo utatakiwa kuibadilisha TRA. Wapo waliofanya, sijamwona aliyefurahi. Gari likifikia hapo, nafuu ni injini ya N20 iliyokaguliwa na kufungwa reli mpya kabla ya kuingizwa.

Basi ufanye nini wiki hii? Ukishapata mwezi wa kutengenezwa, mwombe muuzaji karatasi mbili: ile cheti ya kusafirisha gari kutoka Japan, ambayo huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao, na karatasi ya mnada kama gari lilipitia mnadani. Kilomita za hapo zioane na hizo 61,000. Kwenye karatasi ya mnada ukiona daraja R au RA, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Halafu omba risiti za sevisi za hapa nchini. Kutoka 61,000 hadi 96,000, kwa mpango wa muuzaji, lilibadilishwa oili mara moja, labda mbili. Jibu lake kwenye swali hilo litakueleza zaidi ya rangi ya viti.

Baada ya hapo usiende peke yako. Huu ni ukaguzi wa mkono na macho, na mimi nikiwa mbali siwezi kuufanya kwa maandishi. Tafuta gereji inayoshika BMW kila siku, yenye mashine inayosoma gari zima na kuonyesha kama kemushafti zimeachana na krenki kuliko inavyotakiwa. Mwambie fundi atoe chujio la oili. Ni la karatasi, linafunguka kwa juu, na atanue mikunjo yake chini ya mwanga mkali. Vipande vya plastiki vya rangi ya kahawia au vyeupe, hata kimoja, ni ushahidi tosha. Apitishe pia kamera ndogo ya waya kwenye mdomo wa kujazia oili aangalie cheni na reli iliyo karibu. Muuzaji akikataa chujio lisitolewe, huku wewe ndiye unayelipia jipya, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Kama vipande vitaonekana au mluzi ukithibitika ni wa cheni, una njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuliacha. Ya pili ni kupata makisio ya maandishi ya kazi nzima, yaani cheni zote mbili, reli, tenshena, magurudumu ya meno yanayoshika cheni, na kushusha sampu ili wavu wa pampu usafishwe, kisha kiasi hicho kitoke kwenye bei, na kazi ifanyike kabla gari halijatembea. Kwenye X3 inayoendesha magurudumu yote manne kushusha sampu kunahitaji fremu ya mbele ishushwe, kwa hiyo usishangae ukiambiwa siku mbili au tatu. Ukikubaliwa hivyo, na transfa ikiwa nzima, mimi binafsi ningelichukua. Gari ambalo reli zake zimebadilishwa mbele ya macho yako ni salama kuliko la mwaka wa mbele usilolijua ndani. Muuzaji akisema atafanya mwenyewe halafu akupigie, usikubali. Wengi huondoa kelele na kuacha takataka kwenye sampu.

Kama hutaki habari za cheni kabisa, angalia X1 ya kizazi kilichoanza 2015. Ni ndogo kuliko X3 na imetumia injini mpya zaidi isiyo na ugonjwa huu wa reli. Lexus NX, iliyoanza 2014, ni ndugu wa karibu wa RAV4 na Harrier kimaungo, na mafundi wengi wataishika bila woga. Bei yake ndiyo inauma. X3 ya dizeli ya miaka ya mwanzo sikushauri: cheni yake iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuibadilisha ni kutoa injini nzima, na kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi hakipendi kabisa safari za foleni.

Jambo la mwisho, na hili lihusu gari lolote utakaloishia kulinunua. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa unaendesha, pembeni papo hapo, zima injini, usiwashe tena hata kulisogeza kivulini. Ita lori la kubeba magari, lilipakie zima. X3 haiburutwi magurudumu yakiwa chini. Ukishazipata zile saba za mwisho za chasisi na picha ya chujio lililofunguliwa, niandikie tena, nami nitakwambia ninachokiona.